Insha imerudi na wino mwekundu: tuanzie wapi?

Juni ya Mbeya haina huruma. Vidole vinakakamaa, chai inapoa kabla hujafika nusu ya kikombe, na mezani kwangu kuna rundo la insha za fasihi zinazosubiri. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, kwanza Iringa, kisha hapa chini ya mlima Loleza, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiandika maneno yaleyale pembeni mwa karatasi za watoto wa watu: "Unasimulia." "Hujajibu swali." "Ushahidi uko wapi?" Nilichelewa kugundua kwamba maneno hayo hayamsaidii mwanafunzi. Ni majina ya dalili. Mganga akikwambia "una homa" atakuwa amekwambia jambo uliloamka nalo. Basi mwanafunzi anaichukua insha, anaiandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi, anairudisha, na ugonjwa umekaa palepale.

Kwa hiyo chukua insha yako iliyorudishwa, tafuta neno jekundu lililojirudia, halafu soma sehemu inayolihusu hapa chini. Lakini kabla hujafanya hivyo kuna kipimo kimoja cha kuanzia, na usikiruke. Funika kitabu na insha. Mtafute mtu yeyote, hata dada yako anayemenya viazi jikoni, umweleze kwa dakika tatu unachokiona wewe kuhusu kazi hiyo. Usimpe hadithi yake. Mpe kile unachokiona. Ukimweleza akaelewa, tatizo lako liko kwenye kuandika, na hilo linatibika kwa wiki mbili tatu. Ukianza kubabaika baada ya nusu dakika, tatizo liko kwenye kusoma. Hapo hata ukipanga aya kama matofali, insha haitasimama. Kwa uzoefu wangu wengi wako kundi hili la pili, ingawa karibu wote huja kwangu wakisema, "Mwalimu, mimi shida yangu ni kupangilia tu."

"Unasimulia"

Hili ndilo neno nililolitumia kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Dalili yake unaijua: swali linataka uchambuzi, wewe umeandika kurasa nne za "halafu" na "baada ya hapo". Chukulia swali linalosema kwamba ukali wa mzazi si malezi, jadili kwa kutumia riwaya uliyosoma. Mwanafunzi anachagua Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Chaguo zuri sana. Kisha anaandika hivi: "Zakaria alikuwa baba mkali na mlevi. Siku moja Rosa aliandikiwa barua na Charles. Baba yake akaiona akampiga sana. Baadaye Rosa alikwenda kusoma Mwanza. Huko akaanza tabia mbaya." Hakuna uongo hata mmoja hapo, na hakuna jibu hata moja.

Dalili ni moja ila vyanzo nimeviona vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni woga. Mwanafunzi amekisoma kitabu na anaogopa mwalimu hataamini, kwa hiyo anamwaga kila tukio kama shahidi anayeapa. Utamtambua kwa utajiri wa maelezo: anakumbuka mpaka vitu vidogo ambavyo madesa, zile karatasi na vijitabu vya muhtasari, hayana. Huyu mwambie tu kwamba msahihishaji ameshakisoma kitabu. Apige mstari chini ya kila sentensi ambayo mtu aliyesoma riwaya hiyo tayari anaijua. Zikibaki sentensi mbili zisizopigwa mstari, ndizo insha yake, azipanulie hizo.

Cha pili ni swali ambalo halikufunguliwa. Huyu alilisoma swali mara moja, akanasa neno "ukali", akaanza kutafuta matukio yenye ukali. Hakujiuliza ukali unageuka nini ndani ya mtoto, na hapo ndipo swali lilipo.

Cha tatu ni muhtasari wa mtu mwingine. Hajasoma riwaya, amesoma kurasa sita alizonunua au alizopiga picha kwenye simu ya mwenzake, na muhtasari una hadithi tu ndani yake. Atachambua nini? Huyu hana dawa nyingine zaidi ya kukirudia kitabu, na nasema hivyo nikijua kwamba kwenye shule nyingi huku kwetu nakala tano zinagombaniwa na darasa la watu sitini. Pangeni zamu. Someni kwa sauti bwenini, mmoja asome wengine wasikilize. Mimi mwenyewe nilisoma tamthiliya yangu ya kwanza kwa masikio.

Sasa ile aya ya Zakaria ikitibiwa inaweza kuwa hivi: "Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya barua, hamwelezi ubaya wa barua uko wapi. Kinachobaki kwa Rosa ni hofu ya mkono wa baba, na hofu hiyo inakwisha pale mkono wenyewe unapokuwa mbali. Ndiyo maana akifika shule ya mbali hana kipimo chake mwenyewe cha kuchagulia. Tena anayemchapa ni mlevi, mtu aliyeshindwa kujitawala, kwa hiyo hata mfano wa kuiga hakuupata." Matukio ni yaleyale, hata yamepungua. Kilichoongezeka ni "ndiyo maana", "kwa hiyo", "hamwelezi". Ukitaka kipimo cha haraka, hesabu viungo vya namna hiyo kwenye ukurasa wako, kisha hesabu "halafu". Ukurasa wenye "halafu" kumi na "kwa hiyo" moja, unajua hali yake.

"Hujajibu swali"

Hapa sitakaa sana. Mara nyingi chanzo ni kwamba umejibu swali la mwaka juzi. Ulikariri jibu la "sifa za mhusika mkuu", ukaona jina la mhusika kwenye karatasi ya mtihani, mkono ukaanza kuandika wenyewe.

Andika swali upya kwa maneno yako juu ya karatasi ya rafu, kwa mtindo wa kuulizana watu wawili. "Thibitisha" inataka ulete ushahidi wa upande uliotajwa. "Jadili" inakuachia mlango wa kusema ndiyo hapa na hapana pale, na wanafunzi wengi hawautumii kwa kudhani kukataa ni utovu wa adabu. "Linganisha" si kuandika insha mbili fupi moja juu ya nyingine, kitabu cha kwanza kisha cha pili, kama mtu anayepanga masanduku. Kila aya ibebe vitabu vyote viwili, la sivyo anayelinganisha ni msahihishaji.

"Hii ni historia"

Ugonjwa huu unapenda sana nyanda zetu, na sababu inaeleweka. Mtoto wa Iringa amekua akisikia habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe: jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski lilivyoangamizwa Lugalo mwaka 1891, ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, fuvu lilivyorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wengine wamelitembelea kwa miguu yao. Mpe mtoto huyo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya mwaka 1969 inayotumia vita vya Maji Maji, na ukurasa wa kwanza wa insha yake utajaa Wajerumani, kodi, mashamba ya pamba na mwaka 1905. Niliwahi kupokea insha ya namna hiyo pale Iringa. Ilikuwa nzuri kweli. Ilimtaja Mkwawa mara tisa na Kinjeketile mara nne, ilhali vita vya Maji Maji vilianza Mkwawa akiwa na miaka saba kaburini na Wahehe hawakujiunga navyo.

Utatambuaje kama unao? Futa jina la mwandishi kwenye insha yako. Kama insha bado inasomeka vizuri, kana kwamba hakuna mtu aliyeitunga tamthiliya hiyo, umeandika historia.

Chanzo ni kudhani kwamba mhusika na mtu wa kweli ni kitu kimoja kwa sababu wana jina moja. Utangulizi wa tamthiliya yenyewe unatahadharisha juu ya jambo hilo, lakini nani anasoma utangulizi? Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inashika moto. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi kuona watu wake wanashindwa, na akiwa mikononi mwa Wajerumani anakataa kuyakana maji aliyowapa watu kama kinga dhidi ya risasi, yeye ambaye tayari alikuwa na mashaka nayo. Mwandishi hakukosea tarehe. Alimhitaji mtu huyo awe hai mpaka mwisho ili aweze kuuliza swali ambalo historia haikumwuliza: ukiwapa watu neno la kuwaunganisha, kisha neno likakuzidi nguvu, ni lako tena?

Kwa hiyo historia usiitupe, ibadilishe kazi. Itafute pale ilipotofautiana na tamthiliya, halafu uulize kwa nini mwandishi aliachana nayo hapo. Kila mahali walipoachana pana aya nzima ya uchambuzi. Yule kijana wa Iringa nilimrudishia insha nikamwomba abakize sentensi moja tu ya Mkwawa. Aliibakiza, nayo ilikuwa nzuri kuliko zote: kwamba Uheheni watu walikuwa na ukuta wa mawe wa kuwaunganisha, na watu wa Kinjeketile walikuwa na maji, na maji hayana umbo mpaka uyatie kwenye chombo. Sijui aliitoa wapi, kwenye madesa haikuwemo.

"Orodha"

"Dhamira zilizojitokeza ni ukombozi, mapenzi, uongozi mbaya na umuhimu wa elimu. Mwandishi ametumia tashibiha, sitiari na tashihisi. Muundo ni wa msago."

Sisi walimu tumechangia hapa, tukubali. Tumewafundisha fani na maudhui kama kabati lenye droo, na mwanafunzi mwema anajaza kila droo kitu kimoja kisha anafunga. Lakini "mapenzi" hayajawa dhamira. Ni mada, kama vile "mvua" ni mada. Dhamira inaanza pale utakaposema kazi hiyo inadai nini kuhusu mapenzi, kwa sentensi yenye kitenzi, sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kukubishia. Kama hakuna anayeweza kukubishia, bado uko kwenye orodha.

Upande wa fani, ongeza swali moja tu mbele ya kila kipengele: kingeondolewa, kazi ingepoteza nini? Tujaribu na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Wanafunzi wote huandika kwamba majina ya wahusika yanaakisi tabia: Majivuno mshitaki, Karama mshitakiwa. Sawa, na baada ya hapo? Ondoa majina hayo, waite Juma na Hamisi. Mara msomaji inambidi ahangaike kujua nani mwema. Shaaban Robert hataki uhangaike na hilo. Anakupa jibu mlangoni ili akili yako ibaki na swali jingine: je, baraza litamsikiliza mtu mwema hata kama kila mtu anaona kwamba ni mwema?

Muundo nao hivyohivyo. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na maarifa, wakaishia kifungoni. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba sehemu hiyo "inachosha kwa kujirudia", akaifuta kwa woga. Niliona maneno yenyewe chini ya mistari ya kalamu. Alikuwa amekaribia kabisa! Kufikia mjumbe wa tatu unajua mwisho wake kabla haujasimuliwa, na kule kujua kabla ndiyo hoja yenyewe: dhuluma imekuwa desturi kiasi kwamba msomaji anaitarajia. Kilichomchosha ndicho alichotakiwa kukichambua. Kama kuna sehemu ya kitabu iliyokuudhi, iliyokuchosha au iliyokutia aibu, anzia hapo. Usiifute.

Kuhusu kwamba nchi ya Kusadikika inaelea angani na kwamba wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, liseme, lakini liseme kwa sababu. Mtu anayeishi chini ya serikali ya kigeni akiamua kuijenga nchi ya hadithi yake hewani, inafaa umwulize alikuwa anajikinga na nini.

"Insha hii nimeisoma mahali"

Mwaka fulani insha saba za darasa moja zilimfanya Karama kuwa waziri. Saba! Kosa hilo halikutoka kitabuni. Lilitoka kwenye kijitabu cha uchambuzi kilichokuwa kikiuzwa kwenye stesheneri moja mjini, na kijitabu kile kilikuwa kimenakili kingine. Siku hizi sehemu ya kijitabu imechukuliwa na simu: mwanafunzi anaiuliza programu ya akili mnemba, inamjibu kwa Kiswahili laini kabisa, na inamtajia mhusika ambaye hayumo kitabuni kwa ujasiri wa mwenyekiti wa kijiji.

Sina ugomvi na madesa kama madesa. Nimeyatumia, nimeyaandika. Tatizo ni mpangilio. Ukiyasoma kabla ya kitabu, yanakuwa macho yako. Kila utakachokiona ni kile ulichoambiwa utakiona. Soma kitabu kwanza, andika mambo matano uliyoyaona mwenyewe hata kama ni ya kijinga, ndipo ufungue madesa na utafute mahali mnapopingana. Na kila jina, kila tukio unalolitoa huko, lirudishe kitabuni ulione kwa macho.

Mtego wa tafsiri

Huu hauandikwi pembeni kwa wino mwekundu mara nyingi, kwa sababu hata baadhi yetu unatupita. Mwanafunzi mmoja wa hapa Mbeya alinijengea hoja ya kurasa mbili kwamba Shakespeare alikuwa mpinga ubepari, na ushahidi wake mkuu ukawa jina la tamthiliya: Mabepari wa Venisi. Hoja ilipangwa vizuri, ushahidi ulitajwa, mwandiko ulikuwa safi. Lakini neno "mabepari" si la Shakespeare. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara, tena mmoja. "Mabepari" ni neno la Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthiliya hiyo na kuitoa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililoielekeza nchi kwenye ujamaa.

Kanuni ninayowapa ni hii: kwenye kazi iliyotafsiriwa unaweza kuegemeza hoja kwenye tukio, kwenye mhusika, kwenye mpangilio. Ukitaka kuegemeza kwenye neno moja moja, jiulize kwanza ni la nani. Na ukigundua ni la mfasiri usikate tamaa, kwa maana umepata insha nyingine iliyo bora zaidi. Yule binti nilimwambia abadili jina la mwandishi kwenye hoja yake: asiandike kuhusu Shakespeare wa London, aandike kuhusu Mwalimu Nyerere, na kwa nini mwaka 1969 mfanyabiashara mmoja aligeuka mabepari wengi. Alirudi na karatasi iliyonifanya nikae macho usiku, na si kwa sababu ya baridi.

Matatizo madogo

Utangulizi unaokula ukurasa mzima: ni kwa sababu umeanza na "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha" kisha ukashindwa kusimama. Maana ya fasihi itolewe pale swali linapoihitaji. Vinginevyo mtaje mwandishi, kazi, na msimamo wako juu ya swali, uingie ndani.

Dondoo inayoelea: umenakili maneno ya kitabu ukahamia aya nyingine. Baada ya kila dondoo andika angalau sentensi mbili zinazotaja neno lililomo ndani yake. Ukikosa la kusema, dondoo hiyo ifutwe.

"L" na "r" kuhamahama: soma insha kwa sauti mbele ya mtu wa kabila jingine. Atacheka, utasahihisha.

Hitimisho linaloanza na "Kwa ujumla, kazi hii ni nzuri na inafaa kusomwa na jamii yote": futa, hakuna aliyekuuliza.

Ukipitia yote hayo usione tatizo

Hutokea. Umeeleza vizuri jikoni, hakuna "halafu" nyingi, swali limejibiwa, na alama bado ziko chini. Hapo usiandike upya. Nenda kwa mwalimu wako na insha mkononi, umsalimie, na umwombe jambo moja tu: "Mwalimu, naomba unionyeshe sentensi ambayo uliacha kukubaliana na mimi." Usiulize kwa nini umepata alama hizo, maana ukiuliza hivyo atajitetea, na mimi ningejitetea. Akikuonyesha sentensi, mna la kuzungumza. Akiitafuta asiione, mwachie karatasi mezani mpaka kesho. Nimewahi kuachiwa moja hivyo, nikaisoma upya jioni, na asubuhi nikafuta alama ya kwanza kwa wino uleule mwekundu.